Shilingi ya Kwanza: Nani Alipie Mwanzo wa Utafiti wa Ualbino Ufipa?

Asubuhi za Juni na Julai, Chanji, kata ya Sumbawanga, huamka na baridi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa uwanda wa Ufipa haumhurumii mtu. Kabla kengele haijagongwa, watoto wa shule hujipanga kwenye ukuta unaotazama mashariki, mikono ya sweta imevutwa hadi vidoleni, wakiota jua. Mtoto mwenye ualbino naye hujibanza hapohapo. Kofia anayo, lakini ameivua ili kichwa kipate joto. Mwili unahisi baridi huku ngozi ikiungua, kwa kuwa miale ya urujuanimno haina joto la kumwonya mtu, nayo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mzazi wa Dar es Salaam humkimbiza mwanawe kivulini kwa sababu jua linachoma. Mzazi wa Chanji humtoa nje akaote.

Hatujazoea kuuita ualbino hitilafu ya umetaboli. Redioni na mikutanoni huzungumzwa kama suala la haki za binadamu, na ni lazima iwe hivyo: mwaka 2013 mtoto wa shule alikatwa mkono katika Bonde la Rukwa, chini tu ya ukingo wa uwanda huu, katika mkoa ambao makao makuu yake, Sumbawanga, yanabeba jina linaloelezwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Hata hivyo daktari Mwingereza Archibald Garrod, katika mihadhara yake ya mwaka 1908 kuhusu hitilafu za umetaboli ambazo mtu huzaliwa nazo, alijadili hali nne: alkaptonuria, sistinuria, pentosuria na ualbino. Mwili, kwa maelezo yake, hutengeneza vitu kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Hatua moja ikikwama, kilichotarajiwa mbele hakipatikani. Kwa ualbino, kisichopatikana ni melanini.

Jina hilo la hitilafu ya umetaboli lina uzito katika mambo ya fedha. Ualbino ukiwekwa kwenye fungu la ustawi wa jamii peke yake, hupata kofia, losheni na semina. Ukiwekwa pia kwenye fungu la hitilafu adimu za umetaboli, unaanza kuulizwa maswali mengine: ni jeni ipi, hatua gani imekwama, na je, inaweza kukwamuliwa? Huko Ulaya hukadiriwa mtu mmoja kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Kwetu, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 na Richard Spritz na wenzake ulitaja mmoja kati ya 1,400. Ukipiga hesabu ya kawaida ya urithi kutokana na uwiano huo, takribani Mtanzania mmoja kati ya 19 ni mbebaji wa jeni ya ualbino bila kujijua. Uadimu, kumbe, hutegemea umesimama wapi unapohesabu.

Utafiti huohuo una jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Uliwachunguza Watanzania 13 wasio na undugu, wenye ualbino wa aina ya pili, yaani OCA2, ambao ndio umeenea zaidi Afrika. Katika asilimia 77 ya nakala zote za jeni zilizokuwa na kasoro, kilichokosekana ni kipande kilekile kimoja. Mtafiti wa jeni akisikia hivyo hufurahi, kwa kuwa magonjwa mengi ya kurithi yana kasoro mamia, kila ukoo na yake. Hapa kasoro moja inabeba robo tatu ya tatizo, na kipimo chake ni cha maabara ya kawaida ya jeni. Ugunduzi huo una miaka thelathini. Damu ilitoka Tanzania. Andiko liliandikwa Wisconsin.

Sasa tazama fedha zilikwenda wapi baadaye. Kuna dawa iitwayo nitisinoni, ambayo chimbuko lake ni shambani. Mwaka 1977 wanasayansi wa kampuni ya Stauffer huko California waliona magugu hayaoti vizuri chini ya aina fulani ya mti wa mapambo, wakafuata kemikali yake wakitafuta kiuagugu. Mwaka 1991, Sven Lindstedt na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliijaribu kwa mtoto mwenye tairosinemia, hitilafu ya umetaboli inayoua ini. Mwaka uliofuata walichapisha matokeo ya wagonjwa 5 tu. Kufikia 2002 ilikuwa imeidhinishwa Marekani. Baadaye watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani wakaijaribu kwenye panya wenye ualbino, kisha kwa watu wazima 5. Matokeo kwa binadamu yalikuwa madogo, na hilo si aibu, maana kazi ya hatua ya mwanzo ni kuuliza kwa gharama ndogo. La kuangalia ni aina iliyochaguliwa: OCA1B, ambamo kimeng'enya chenyewe ndicho dhaifu. Katika OCA2 ya kwetu kimeng'enya kipo, ila mazingira ya ndani ya chembe zinazotengeneza melanini yana asidi kupita kiasi, hivyo hakifanyi kazi ipasavyo. Huo ni mlango mwingine na unataka ufunguo mwingine. Siwalaumu Wamarekani, walilipia swali la wagonjwa walio mbele yao. Anayetoa shilingi ya kwanza ndiye anayechagua swali.

Msomaji atauliza, na ana haki: mtoto hana losheni, wewe unazungumzia asidi ndani ya chembe? Nalikubali swali hili kwa nusu. Utafiti wa Luande na wenzake, uliochapishwa mwaka 1985, uliwafuatilia watu 350 wenye ualbino Tanzania. Uharibifu wa ngozi ulionekana kwa wote tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani ikapanda kwa kasi kati ya miaka 20 na 30. Kinga haiwezi kungoja jeni. Ila losheni nayo ilipitia hatua ya mwanzo: Kilisun, iliyoanzia Moshi kwa juhudi za mfamasia Mhispania Mafalda Soto, ilihitaji mtu akae atafute mchanganyiko unaofaa ngozi hii na jua hili. Aliyelipia majaribio hayo alilipia utafiti, hata kama hakuuita hivyo.

Wala simaanishi kwamba fedha ya nje ni sumu. Utafiti wa selimundu ulioanza Muhimbili mwaka 2004 chini ya Julie Makani ulisimama kwa ufadhili wa Wellcome Trust ya Uingereza, na ukakua hadi kuheshimika duniani. Lakini fedha ile ilimfuata Mtanzania mwenye swali lake tayari. Mfadhili wa mbali huvutiwa na takwimu za awali, na takwimu za awali ndizo zinazokosa mlipaji. Pengo hilo ndilo la kuzibwa kwa fedha ya ndani, na ni dogo kuliko tunavyotishwa.

Chukua hesabu ya watu tu. Sensa ya 2012 ilipata watu wenye ualbino zaidi kidogo ya 16,000, ilhali uwiano wa mmoja kwa 1,400 ungetoa karibu 32,000. Ama uwiano ulikadiriwa juu, ama watoto walifichwa siku ya kuhesabiwa, ama wanakufa mapema. Kila jibu linadai sera yake. Njia ya kupata jibu tayari ipo: zahanati zetu hutoboa kisigino cha mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, matone yakakaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa hadi maabara ya Mbeya kupitia Tunduma, kwa barabara ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Marekani. Karatasi ya namna hiyohiyo ndiyo Robert Guthrie aliyoitumia Marekani miaka ya 1960 kupima watoto wachanga hitilafu ya umetaboli iitwayo fenilketonuria. Kwa ridhaa ya wazazi, tone moja zaidi lingetuonyesha wabebaji wangapi wako Ufipa. Ridhaa hiyo isichukuliwe kirahisi. Katika mkoa huu, orodha ya kaya zenye ualbino ikivuja inaweza kuua, kwa hiyo sampuli zisiwe na majina.

Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo tangu 1986, na mfuko wake wa utafiti, MTUSATE, tangu 1995, mwaka uleule jeni ya Watanzania 13 ilipochapishwa. Naiomba ifungue dirisha la ruzuku ndogo kwa maswali ya hitilafu adimu za kurithi, lisilodai takwimu za awali, na ianze na andiko kutoka Sumbawanga: miale inayompata mtoto aliyeegemea ukuta wa shule Chanji saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, bila kofia.