Sanamu za Wanyama Ambao Hakuna Mtu Aliyewaona

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kazi ya mikono. Nataka kuwaeleza jinsi watu walivyojifunza kutengeneza sanamu za wanyama wa kale sana waitwao dinosaria, sanamu zinazofuata maarifa ya wataalamu na si ndoto za mchongaji. Baadhi ya mifupa iliyowafundisha wachongaji wa dunia ilichimbwa Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi, kwa nguvu za watu wa huko. Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Na ninyi mtakaosoma karatasi hii baadaye, someni polepole.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Dinosaria walikuwa wanyama wa jamii ya reptilia. Wengine walikuwa wakubwa kuliko tembo, wengine walilingana na kuku. Walikwisha miaka kama milioni 66 iliyopita, isipokuwa ukoo mmoja tu, nao ni ndege. Hakuna binadamu aliyewaona wale wakubwa. Kilichobaki ni mifupa iliyogeuka kuwa jiwe, meno, nyayo, mayai, na mara chache sana alama za ngozi au za manyoya. Fundi akitaka kuchonga simba, aweza kwenda kumtazama simba. Akitaka kuchonga dinosaria, amtazame nani?

Mtu wa kwanza kuifanya kazi hii kwa ukubwa wake wote alikuwa Mwingereza mmoja, Benjamin Waterhouse Hawkins. Alipewa kazi ya kujenga sanamu za wanyama wa kale katika bustani ya Crystal Palace huko Sydenham, kusini ya London, naye akapewa ushauri na mtaalamu wa mifupa, Richard Owen. Kazi ilikuwa kama ya kujenga nyumba. Kwa sanamu moja tu ya dinosaria aitwaye Iguanodon alitumia nguzo 4 za chuma, matofali 600, vigae zaidi ya 1,500 na mapipa 38 ya simenti. Tarehe 31 Desemba 1853 aliwaalika wataalamu kula chakula cha jioni ndani ya kalibu ya mnyama huyo, na Owen akakaa upande wa kichwa. Mwaka 1854 watu wakafunguliwa mlango, wakaja kwa maelfu.

Hawkins alitengeneza pia sanamu ndogo za wanyama hao, zikauzwa kwa shule na kwa makumbusho. Huko Marekani ziliuzwa na Henry Ward wa mji wa Rochester. Basi mnaona kwamba biashara ya sanamu ndogo ilianza zamani, hata kabla plastiki haijajulikana.

Lakini Iguanodon wa Hawkins alikuwa na kasoro kubwa. Alisimama kwa miguu minne kama kifaru, na puani alikuwa na pembe. Mfupa ule wenye ncha ulipatikana peke yake, na wataalamu wakakisia kwamba mahali pake ni puani. Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe huko Bernissart, nchi ya Ubelgiji, wakakuta mifupa ya Iguanodon zaidi ya 30, mingi ikiwa imelala kama mnyama alivyokufa. Hapo ikaonekana wazi kwamba ile haikuwa pembe. Ilikuwa kidole gumba! Msimcheke Hawkins. Alitumia kila alichopewa na elimu ya siku zake. Sanamu zake zingali zimesimama bustanini hata leo, na pembe zao puani, na serikali ya Uingereza inazilinda.

Sasa turuke miaka mia moja. Mwaka 1955 kampuni ya Marx ya Marekani ilianza kuuza dinosaria wadogo wa plastiki kwa watoto. Walikuwa wa rangi moja, wamesimama wima kama mtu, mkia ukiburura chini. Mwaka 1974 Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London yalianza kutoa sanamu zake, zikitengenezwa na kiwanda cha Invicta kwa kipimo kimoja. Mwaka 1988 kampuni ya Safari ya Marekani ikafuata, ikishauriwa na wataalamu wa Makumbusho ya Carnegie ya Pittsburgh. Ikaendelea na mfululizo huo mpaka 2015. Tangu hapo wanunuzi hawakuwa watoto peke yao. Watu wazima nao walianza kuzikusanya, wakizipanga rafuni kama mwingine apangavyo vitabu. Na mtu mzima akinunua, huuliza maswali. Vidole ni vingapi? Mkia mbona unagusa chini? Nani amesema ngozi ilikuwa hivi?

Nitawapa mfano mmoja wa maswali hayo, mfano wa dinosaria aitwaye Velociraptor. Mifupa yake ilipatikana katika jangwa la Gobi, nchi ya Mongolia, mwaka 1923, na jina alipewa mwaka 1924. Mwaka 1993 sinema ya Jurassic Park ilimwonyesha akiwa na kimo cha mtu, ngozi yake tupu kama ya mjusi. Dunia nzima ikaamini. Lakini mifupa yenyewe yasema mengine. Urefu wake, kutoka pua mpaka ncha ya mkia, haukuzidi mita 2, na sehemu kubwa ya huo ni mkia. Uzito wake ulikuwa kama wa bata mzinga mkubwa. Tena mwaka 2007 wataalamu walichunguza mfupa wa kigasha chake, wakaona vinundu vidogo vimejipanga mstari mmoja. Mkimchinja kuku au bata, mkamwondoa nyama, tazameni mfupa wa bawa: huenda mtaviona vinundu kama hivyo. Ndipo manyoya makubwa yanaposhikilia. Kwa hiyo Velociraptor alikuwa na manyoya mikononi.

Jambo jingine ni viganja. Nyosheni mikono yenu mbele, viganja vikitazama chini, kama mtu anayepiga kinanda. Sinema nyingi na sanamu nyingi ziliwaweka dinosaria wala nyama hivyo. Sasa geuzeni viganja vitazamane, kama mtu anayetaka kupiga makofi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa maana mifupa ya kigasha chao haikuweza kuzunguka kama yetu.

Mwaka 2016 mchongaji wa Marekani aitwaye David Silva aliamua kutengeneza mfululizo wa sanamu za Velociraptor na jamaa zake, akauita Beasts of the Mesozoic. Aliwavika manyoya, na rangi zake akazitafuta kwa ndege wa leo. Sanamu hizi si za kusimama tu. Zina viungo vinavyokunjwa shingoni, mabegani, magotini na kwingineko. Kipimo chake ni 1 kwa 6, maana yake ni kwamba kila sentimita 6 za mnyama zimekuwa sentimita 1 ya sanamu. Haya, tufanye hesabu. Mnyama wa mita 2 ni sentimita 200. Gawanyeni kwa 6. Mtapata sentimita 33 na kidogo.

Kazi huendaje? Fundi huanza na maandishi ya wataalamu, yenye picha na vipimo vya kila mfupa. Huchora mifupa yote mahali pake. Kisha huweka nyama juu ya mifupa, akijifunza kwa ndege na kwa mamba, kwa sababu hao ndio jamaa wa karibu walio hai. Mwisho huweka ngozi au manyoya. Zamani alichonga kwa nta au udongo. Siku hizi wengi huchonga kwa kompyuta, na mashine hutoa sanamu ya kwanza. Sanamu hiyo hugawanywa vipande, kichwa mbali, mguu mbali, na kila kipande huchongewa kalibu ya chuma. Plastiki ya moto husukumwa ndani kwa nguvu, ikapoa, ikatolewa. Wafanyakazi wa kiwandani huunganisha vipande na kupaka rangi.

Kalibu za chuma ni ghali mno. Ndiyo sababu Silva, kama wengine wadogo wasio na mtaji mkubwa, aliwaomba wakusanyaji walipe kwanza, kisha wangoje sanamu zao. Na kwa sababu ya ughali huo, kosa likisha kuingia kalibuni ni shida kulitoa. Fikirini habari za Spinosaurus, dinosaria mkubwa wa Afrika ya Kaskazini. Mwaka 2014 mifupa ya Moroko ilionyesha kwamba miguu yake ya nyuma ilikuwa mifupi. Watengenezaji wakabadili sanamu zao. Mwaka 2020 mkia wake ukaelezwa: ulikuwa mpana kama kafi la mtumbwi! Wale waliokwisha kuchonga mkia mwembamba walibaki nao.

Viungo navyo vina taabu yake. Mkono ukiweza kuzungushwa, mnunuzi aweza kuugeuza kiganja chini, na kazi yote ya fundi ikapotea kwa sekunde moja. Mkia wa Velociraptor ulikazwa na vijiti virefu vya mfupa, haukujikunja kama wa nyani. Lakini mnunuzi hupenda mkia unaojikunja. Mnyama wa miguu miwili huanguka rafuni, basi fundi hushawishika kumpa nyayo kubwa kupita kiasi. Kwa maoni yangu fundi mwema ni yule anayeitengeneza sanamu ikatae mkao wa uongo, hata kama wateja watanung'unika kidogo.

Sasa turudi nyumbani. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani, waliotawala Tanganyika wakati huo, walichimba mifupa huko Tendaguru chini ya uongozi wa Werner Janensch na Edwin Hennig. Nasema walichimba, lakini waliochimba hasa walikuwa mamia ya Waafrika, katika nchi iliyokuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907. Mnyapara wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mwenye jicho kali la kutambua mfupa na mkono mwepesi wa kuusafisha. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Berlin.

Katika mifupa hiyo alikuwamo mnyama mwenye shingo ndefu kama twiga na urefu wa mita 22 hivi. Mwaka 1914 Janensch alimwita Brachiosaurus brancai, kwa kuwa alifanana na Brachiosaurus wa Marekani aliyepewa jina mwaka 1903. Lakini yule wa Marekani alipatikana bila kichwa na bila shingo. Basi kwa miaka mingi karibu kila mchongaji aliyetengeneza Brachiosaurus, wa plastiki au wa karatasini, alifuata mifupa ya Tendaguru iliyosimamishwa Berlin mwaka 1937. Mtoto wa Ulaya alicheza na mnyama wa Lindi mwenye jina la Kimarekani, naye hakujua.

Sanamu hizo nazo zilikuwa na makosa. Tundu za pua ziliwekwa juu ya kichwa, na ikasemekana aliishi ndani ya maji, akitoa kichwa tu. Mwaka 1951 mtaalamu Kermack alionyesha kwamba uzito wa maji yenye kina kile ungemzuia kuvuta pumzi. Mwaka 2001 mtaalamu mwingine, Witmer, akaonyesha kwamba tundu za pua yafaa ziwe mbele, karibu na mdomo. Tazameni pia miguu. Viwanda vingi vilimpa miguu ya tembo yenye kucha duara. Mguu wake wa mbele ulisimama kama nguzo, na kucha ilikuwa moja tu, kwenye kidole gumba.

Mwaka 2007 mifupa ya Berlin ilisimamishwa upya, miguu imenyooka na mkia umeinuka. Kimo chake sasa ni mita 13 na sentimita 27. Na mwaka 2009 mtaalamu Mike Taylor alihesabu tofauti 26 kati ya mnyama wa Marekani na wa Tendaguru. Kwa hiyo wa kwetu sasa anaitwa Giraffatitan, na wakusanyaji makini hutaka jina hilo liandikwe kwenye sanamu. Boheti naye hakusahauliwa kabisa: mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Lakini jina hilo, ndugu zangu, bado ni nadra kulikuta dukani.

Kazi ya nyumbani ni hii. Pimeni mita 22 nje ya darasa, muwekeni mtu kila upande, mwone ukubwa. Kisha gawanyeni urefu huo kwa 40. Mtapata sentimita 55. Finyangeni mnyama wa urefu huo kwa udongo wa mfinyanzi. Mkia usiguse chini. Miguu ya mbele iwe mirefu kuliko ya nyuma. Kucha moja tu mbele, upande wa ndani. Akisha kukauka, andikeni chini ya tumbo lake jina Giraffatitan, na mahali mifupa yake ilikotoka.