Adabu, Amri na Mayumba Kumi

Kiswahili cha Mbuya ni cha amri. Kilima hiki cha mashariki ya Kampala kina kambi ya jeshi, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi na hospitali ya kijeshi, na tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, lugha ya bunduki nchini Uganda imekuwa Kiswahili. Teremka upande wa Kinawataka utakuta watu wakisalimiana, wakiombana radhi na kupatana bei kwa Kiganda. Kiswahili wanakijua, ila wengi wamekijua kwa kuambiwa kuliko kwa kuambiana: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Mtu wa Pemba au Mombasa akifika hapa hushangaa. Kwao hiyo ndiyo lugha ya shikamoo na marahaba, ya kupiga hodi mlangoni na kungoja uambiwe karibu.

Mgawanyiko huu wa lugha mbili ndani ya mtaa mmoja unanikumbusha ugomvi wa Wachina wa kale juu ya namna ya kutawala. Confucius (551–479 KK) alifundisha kwamba ukiwaongoza watu kwa amri na adhabu watajifunza kukwepa adhabu, lakini hawatakuwa na haya. Waongoze kwa wema wako mwenyewe, na kwa kile Wachina wanachokiita li, nao watajirekebisha. Shang Yang, waziri aliyeanza mageuzi yake katika dola ya Qin mwaka 356 KK, hakuwa na nafasi ya maneno hayo. Kwake mtu huendeshwa na vitu viwili tu, thawabu na adhabu, na vyote viwe vimetangazwa wazi na vimhusu kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Kundi la Shang Yang tuliiteje kwa Kiswahili? Wanasheria haifai. Mwanasheria ni mtu wa joho anayekutafutia mwanya, na Shang Yang hakutaka mianya. Hata neno sheria lenyewe linanitia shaka. Limetujia kutoka Kiarabu likiwa na harufu ya Mungu, njia aliyoiweka Muumba, ilhali fa, sheria ya hao Wachina, ilitungwa na watu na kubadilishwa na watu. Tena fa ni zaidi ya maandiko ya mahakama: ni kipimo na mbinu, kama bikari na pembemraba za seremala. Tunalo neno lenye ukoo wa namna hiyo. Kanuni ilianzia kwa Wayunani ikiwa ufito wa kupimia, ikapita kwa Waarabu, ikafika pwani. Mimi ningewaita Wanakanuni.

Kwa upande wa Confucius kazi inaanza kirahisi. Lile neno lake ren ni utu, basi. Waganda wanalo obuntubulamu, na ukilifasiri kipande kwa kipande utapata utu uzima, ambao kwa Kiswahili ni umri tu, jambo la kuchekesha kidogo. Ugumu uko kwenye li. Humo mna ibada, mna ada za mazishi na harusi, mna nani akae wapi na nani aanze kusalimu. Kiganda kingesema empisa, na watu wangeona mara moja mwanamke anavyopiga magoti kumwamkia mkwewe. Kiswahili kingesema adabu.

Adabu, hata hivyo, ina sura mbili. Mtu mwenye adabu ni yule Confucius aliyemtamani. Lakini mwalimu anaposema "nitakutia adabu", hakuna mtoto anayetarajia somo la salamu. Karibu yake kuna adhabu, neno lenye asili nyingine kabisa ya Kiarabu, na huku bara, ambako sauti ya dh huwashinda wengi, wapo wanaoyatamka yote mawili sawasawa. Kile alichokitenganisha Confucius, haya upande huu na kiboko upande ule, kitenzi tia kimekiunganisha. Naona hapo Waswahili walisema ukweli ambao wanafalsafa huuficha: adabu nyingi tulizonazo tulitiwa.

Shang Yang alizipanga familia katika vikundi vya tano na kumi, kila nyumba ikiilinda na kuichunga nyingine. Aliyeficha mhalifu aliadhibiwa kama aliyejisalimisha kwa adui, na aliyemfichua alizawadiwa kama aliyekata kichwa cha adui vitani. Sisi nasi tunazo kumi zetu, bila kuazima kwa Wachina. Chama cha TANU kiliunda mashina ya nyumba kumi katika miaka ya 1960, na kiongozi wa kila shina Watanzania wakamwita balozi, jina lile lile la mjumbe wa nchi ya kigeni. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipokwisha kumwondoa Idi Amin, utaratibu huo ulivuka mpaka ukafika Kampala. Balozi alibaki njiani. Kilichofika ni hesabu, tena kwa wingi wake wa Kiganda-Kiswahili: mayumba kumi. Wenzetu walisikia mjumbe wa kuwasemea. Kampala ilisikia nyumba zinazohesabiwa. Sidhani ni bahati mbaya tu. Miaka hiyo ya mwanzo ya 1980 ndiyo iliyotupa pia panda gari, amri iliyogeuka nomino. Askari walizingira mtaa, watu wakapandishwa malori na kwenda kuchujwa, wengine wasirudi. Mpaka leo mzee wa Kampala atakusimulia habari za panda gari katikati ya Kiganda safi, na hayo maneno mawili hayatafsiri.

Neno jingine lililopotea njia ni afande. Kwa Waturuki na Wamisri efendi alikuwa bwana aliyesoma, mtu wa kalamu. Waingereza walilifanya cheo cha askari Mwafrika katika King's African Rifles, na Amin alikipata mwaka 1959. Sasa ni yeyote mwenye sare, na mwendesha boda wa Mbuya hulitamka huku akipunguza mwendo. Confucius alilichukua neno junzi, lililomaanisha mtoto wa mtawala, akalifanya mtu mwema hata kama kazaliwa kibandani. Kwetu safari imekwenda kinyume: kutoka msomi hadi mwenye bunduki.

Mwaka 1986 yalikuja mabaraza ya upinzani, ambayo sasa ni LC (Local Councils), na mkuu wake Waganda humwita ssentebe, yaani mwenyekiti, mwenye kiti vilevile. Kwangu huyu ndiye kiumbe wa kuvutia kuliko wote. Anaandika barua ya kukutambulisha, anatarajiwa kujua mgeni wako ni nani. Hayo ni ya Shang Yang. Mwenyewe Shang Yang, asimulia mwanahistoria Sima Qian, alipokimbia kuokoa maisha yake alinyimwa kitanda katika nyumba ya wageni kwa kuwa kanuni yake ilikataza kumlaza mtu asiyetambulishwa. Akauawa mwaka 338 KK. Lakini ssentebe huyo huyo ana baraza, na sheria ya mwaka 2006 ya mahakama za LC inaliruhusu kuamuru wagomvi wapatane, au mkosaji aombe radhi. Radhi kwa amri ya mahakama! Confucius angekunja uso: haya ya kuamriwa ni haya gani? Wa Kinawataka wasingekunja. Wameona radhi nyingi zilizoanza kwa kulazimishwa zikaishia kwenye kula pamoja.

Wachina wenyewe hawakuchagua upande mmoja. Dola ya Qin iliiunganisha China mwaka 221 KK kwa kanuni kali, ikaanguka baada ya miaka 15 hivi. Dola ya Han iliyofuata ikavaa joho la Confucius na kubaki na madaftari ya Qin.

Na huku kwetu, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda katika katiba tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lazima tena, hata upole wetu unakuja kwa amri. Basi ninyi mtakaoandika vitabu hivyo vya darasa la kwanza, nawaomba jambo moja. Simama, kaa na nyamaza watoto wa Mbuya wamekwisha kuzijua. Ukurasa wa kwanza uwe na hodi, na wa pili uwe na karibu.