Adui Afichwaye na Udongo

Msomaji, huenda umeliona karibu na Ziwa Viktoria gugu lenye maua ya zambarau, lipendezalo macho. Wajaluo huliita kayongo. Usidanganyike: mizizi yake huyanyonya mahindi, na mkulima akavuna mabua matupu. Jembe halikulishinda, kwani hudhuru kabla ya kuchomoza, na mbegu zake huishi udongoni zaidi ya miaka 10.

Katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake huko Mbita walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, ili kufukuza wadudu watoboao mabua. Kumbe, kayongo nalo likapungua! Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za gugu hilo, kisha huzizuia zisiishike mizizi ya mahindi. Nazo hufa njaa. Basi, mmea waweza kumlinda mwenziwe.