Mnada usio na mnadi

Kunadi ni kupaza sauti. Neno limetoka Kiarabu, kwenye neno lenye maana ya kuita. Ndiyo maana mgombea hunadi sera na dalali hunadi mbuzi, wote kwa koo lile lile. Sasa tazama mnada wa mtandaoni wa eBay, ulioanza Marekani mwaka 1995. Kimya kabisa. Mnunuzi huandika kiwango chake cha juu, kikafichwa, na programu humpandishia dau kidogo kidogo pale tu mwingine anapomkaribia. Wajanja huvizia sekunde za mwisho ndipo watie lao. Kwenye mnada wa ng'ombe ujanja huo haufui dafu, maana dalali hafungi mpaka waliopo wamalize kutaja.

Huku kwetu mtandaoni, hata hivyo, hatupandishi, tunashusha. Tangazo la sofa husema "450,000, maongezi yapo", na swali la kwanza huwa "mwisho ngapi?" Silipendi swali hilo (ingawa naliuliza), linamtaka muuzaji ajipunguzie mwenyewe kabla mnunuzi hajataja hata senti. Muuzaji mzoefu hulirudisha lilikotoka: "Wewe una ngapi, boss?"