Kipimo cha Tovuti na Shimo la Tulawaka

Mwaka 1997 ulianza huko Sweden upimaji wa tovuti za makampuni makubwa. Maswali ya kipimo hicho yalitokana hasa na haja za wawekezaji, wachambuzi wa fedha na waandishi wa habari.

Historia ya mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, yaonyesha upungufu wake. Mgodi huo ulianza kazi mwaka 2005 chini ya Barrick ya Kanada. Mwaka 2010 ukawa mali ya African Barrick Gold, iliyoandikishwa katika soko la hisa la London; mwaka 2013 ukauzwa kwa STAMICO, shirika la madini la serikali. Muuzaji naye akajiita Acacia mwaka 2014, na mwaka 2019 akarudi kumezwa na Barrick.

Mwenye hisa aliarifiwa kila hatua, kwani ndivyo sheria ya soko iagizavyo. Mkulima wa Nemba, katika wilaya hiyo hiyo, hana hisa. Ana shamba, maji na kumbukumbu. Atakalo ni kujua nani aliahidi nini, na nani ameirithi ahadi hiyo, kwa lugha aisomayo. Jina la kampuni hubadilika, na tovuti hufuata jina, shimo halihami.

Basi tovuti ya mchimba madini na ipimwe kwa wepesi na kwa uzuri wake, haidhuru. Lakini swali la kwanza liwe hili: je, neno la mwenye mgodi wa jana limetunzwa kwa ajili ya jirani wa leo?