Baada ya Ardhi Kutulia

Ndugu wapendwa, sisi wakazi wa Babati tumejenga makao yetu ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 7 Mei 1964 tetemeko kubwa lilitikisa upande wa Mbulu na Ziwa Manyara. Wazee walioishuhudia siku ile wamebaki wachache, na vijana wengi hawana habari nayo. Kwa hiyo juma hili napenda tujifunze kwa ndugu zetu wa Kagera, ambao kumbukumbu zao bado ni mbichi.

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Bukoba na Missenyi ziliumia zaidi, na mtikisiko ulisikika hadi Uganda na Rwanda. Watu 17 walifariki, zaidi ya 400 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Lau ingalikuwa asubuhi ya siku ya masomo, tungalihesabu watoto wengi, kwa maana madarasa nayo yalibomoka.

Usiku ule familia nyingi zililala nje. Nyumba ambayo jana ilikuwa kimbilio, sasa ndiyo iliyoogopwa. Kila mtikisiko mdogo uliofuata uliwarudisha watu uani, hata wale ambao kuta zao zilikuwa zimesimama. Aliyenusurika alikuwa na kazi mbili: kujenga upya nyumba, na kujifunza upya kulala ndani yake.

Tukumbuke pia kwamba kilichoua hasa ni kuta. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya udongo au mawe, zisizo na nondo wala mkanda wa zege wa kuzifunga pamoja. Ardhi ilipotikisika, kila ukuta ulianguka upande wake.

Kisha likaja swali zito: nani ajenge? Mwanzoni mwa Januari 2017, Rais John Magufuli alifika Bukoba na kueleza wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Itarejesha majengo na huduma za umma. Shule ya Sekondari Ihungo, iliyobomoka vibaya, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Wananchi walijijengea wenyewe, kila mmoja kwa uwezo wake, wengi wakibaki katika kibanja kilekile, kati ya migomba na makaburi ya wazazi wao. Mwenye mtoto mjini alimaliza mapema. Mjane na mzee asiye na msaada walikaa chini ya turubai kwa muda mrefu.

Sisi wa Manyara tuliulizwa swali hilohilo. Alfajiri ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ya mvua iliporomoka juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Wapo waliodhani volkano imelipuka. Watu 89 walipoteza maisha. Safari hii jibu lilikuwa tofauti: zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Hao walipata paa imara, lakini waliacha viwanja na majirani waliowazoea. Wa Kagera walibaki na ardhi yao, wakakosa paa.

Wapendwa, jibu la kwanza liliwaacha wanyonge nyuma. La pili liliwang'oa watu mahali walipokulia. Tusingoje ardhi ituulize tena. Yeyote anayejenga Babati mwaka huu amwombe fundi aweke nondo na mkanda wa zege, hata kama itambidi apunguze chumba kimoja. Na kila jumuiya iwajue kwa majina wajane, wazee na wagonjwa wake, ili siku ya maafa tusianze kuulizana nani anaishi wapi.

Nawatakieni juma lenye amani.