Kitambaa cha Njano na Magoti ya Watoto wa Watu

Wasee, kuna beshte yangu mmoja ambaye tukitazama futiboli ya vyuo vya Marekani kwa simu, usiku, bando likikaribia kuisha, lazima amtusi refa. Jamaa amekimbia na mpira yadi 40, watu wameruka, halafu unaona kitambaa cha njano kimelala kwenye nyasi. Yadi 15 nyuma. Kosa ni gani? Mtu amemzuia mpinzani chini ya kiuno, mbali kabisa na mpira. Beshte yangu anapiga kelele, "Sasa hiyo nayo ni nini?"

Mimi huwa nanyamaza. Nikiwa Form Three niligongwa hivyo kwenye soka ya shule. Mguu ulikuwa umekanyaga chini, jamaa akaja kwa upande, goti likaingia ndani. Sauti yake ilikuwa kama kijiti kimevunjwa. Mpaka leo nikipanda ngazi za flati nahesabu moja moja. Ndiyo maana nilikaa chini nikasoma hii sheria ilitoka wapi, na kumbe ndani yake kuna mambo ya karo na fidia ambayo sikuyatarajia kabisa.

Tuanze 1905. Mwaka huo vijana wasiopungua 18 walikufa wakicheza futiboli Marekani, wengi wao hata chuo hawajafika. Mchezo ulikuwa wa kusukumana kwa kundi: watu wanashikana, wanaangukia mmoja kama gunia. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe aliupenda sana mchezo huu, aliwaita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu mwezi wa Oktoba akawaambia warekebishe. Mwezi uliofuata kijana wa Union College, Harold Moore, alifariki baada ya kuumia kwenye mechi dhidi ya New York University. Mkuu wa hiyo New York University akaitisha kikao cha vyuo. Kikao hicho ndicho kilichozaa chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Mwaka 1906 wakaruhusu mpira urushwe mbele kwa mkono ili watu watawanyike uwanjani, waache kurundikana.

Nataka mshike hapo. Chama kilizaliwa sababu ya vifo. Lakini kulinda kichwa na kulinda goti ni vitu viwili tofauti, na goti halikuwa na haraka. Goti haliui mtu. Linamwondolea tu maisha aliyokuwa ameyapanga.

Na hapa ndipo pesa inaingia. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, aliumia kichwa uwanjani akafa. Mjane wake akadai fidia kama ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamnyima, ikisema chuo hakiko kwenye biashara ya futiboli. Miaka hiyo hiyo NCAA ilishikilia kabisa jina la "mwanafunzi-mwanariadha", na Walter Byers, aliyekiongoza chama kwa miongo mingi, alikuja kukiri baadaye kwamba jina hilo lilitungwa kukwepa madai ya aina hiyo. Halafu 1973 wakaamua ufadhili wa masomo uwe wa mwaka mmoja mmoja, wa kuongezwa kocha akipenda. Ruhusa ya kutoa ufadhili wa miaka mingi ilirudi 2012.

Hebu fikiria hiyo miaka karibu 40. Wewe ni kijana wa familia isiyojiweza, karo yako iko kwenye goti lako. Mtu anakuja chini, kano linakatika, na mwakani kocha ana haki ya kutokukuongezea. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, goti halikuhusika, lakini najua vile barua ya "hujamaliza malipo" inavyosomeka. Kwa hiyo nikiona kile kitambaa cha njano naona kitu kingine kabisa.

Sasa mbona wasipige marufuku zamani, waishe? Kwa sababu bloku ya chini ni silaha ya mdogo. Mtu wa kilo 95 hamsukumi wa kilo 140 kifuani, atarushwa. Lakini akimwendea miguuni, wote wanaanguka, na njia inafunguka. Timu za vyuo vya kijeshi, Army, Navy na Air Force, zilijenga mfumo mzima juu ya hilo, maana ni vigumu kwao kupata majitu yale yanayoenda vyuo vikubwa. Hiyo hoja ina uzito, siidharau.

Basi sheria ikawa inakatwa vipande vipande. Mpira ukipigwa kwa mguu, usimwendee mtu chini. Mpira ukibadilisha mikono, usimwendee chini. Wawili wakimshika mmoja, huyu juu na yule chini, ni kosa popote uwanjani, na hapo nadhani hata beshte yangu anakubali.

Lakini kile kipande cha katikati kilikuwa kichekesho. Kwa miaka kadhaa baada ya 2011, wachezaji fulani waliruhusiwa kwenda chini mradi watoke mbele ya mpinzani, na "mbele" ikaelezwa kwa uso wa saa: kati ya namba 10 na namba 2. Sisi tungesema kati ya saa nne na saa nane mchana. Sasa wewe ni refa, watu 22 wanakimbia, mmoja amegeuka nusu wakati anagongwa. Alikuwa saa tisa au saa nane? Na usisahau, unahukumu mguso wa kwanza wenye nguvu. Akigusa kifuani kwanza halafu akateleza mpaka magotini, ni halali. Akigonga mikono ya mpinzani iliyo juu ya kiuno, pia halali. Ukiwa na shaka, sheria inakwambia hesabu ni chini. Na tofauti na kugonga kichwa, hapa hakuna marudio ya video ya kukuokoa. Ni macho yako tu.

Mwaka 2018 wakakata tena, hakuna kwenda chini zaidi ya yadi 5 mbele ya mstari mpira unapoanzia. Halafu 2022 wakafanya kile ninachoona walipaswa kufanya mapema: bloku ya chini ibaki ndani ya sanduku la kufikirika, yadi 5 kila upande wa yule anayeinama kupitisha mpira nyuma katikati ya miguu. Humo ndani ni wale wa mstari wa mbele na wa nyuma waliotulia tu. Nje ya hapo, hapana. Mambo ya saa yakapungua. Refa haulizwi tena sana pembe, anaulizwa mahali.

Shida imebaki moja. Mpira ukitoka kwenye sanduku, sanduku linavunjika, hakuna tena ruhusa. Lakini refa anayetazama magoti hatazami mpira! Lazima ajue umetoka bila kuuona, kwa jinsi watu wanavyogeuka.

Makocha wa vyuo vya jeshi walilalamika sana, na mfumo wao kweli uliumia. Army walibadilisha uchezaji kabisa 2023. Mwaka uliofuata wakarudia mengi ya zamani, ndani ya sheria mpya, wakashinda mechi 12 na kombe la ligi yao. Beshte yangu anasema hiyo inaonyesha sheria haikuhitajika. Mimi naona inaonyesha silaha ya mdogo haikuwa moja.

Army na Navy hukutana kila Desemba, kama saa tano usiku ya huku. Mpira ukianza kwenda, tafuta refa ambaye kichwa chake hakiufuati. Anatazama miguu.